KILA JAMBO LINA MLANGO WAKE: Nasaha kwa Wanaoelekea Chuo Kikuu



 

Tumeombwa tuandike neno lenye manufaa kwa vijana wetu wanaomaliza kidato cha sita. Tungeweza kuandika juu ya fadhila za kutafuta elimu, na hilo ni jambo jema, lakini mmelisikia mara nyingi katika darsa na khutba. Tumeona ni bora tuandike juu ya jambo linaloonekana dogo, ambalo mwaka 2022 lilimkosesha binti yetu mmoja mwaka mzima wa masomo, nasi walimu tukiwa ndio wenye kosa. Jambo lenyewe ni kujua ofisi ipi iendewe kwa shida ipi.

KOSA LETU WENYEWE

Binti huyo alisoma nasi hapa Tanga tangu Juzuu Amma. Kidato cha sita alisoma Fizikia, Kemia na Baiolojia, na matokeo yalipotoka mwezi wa Julai alama zake zilikuwa nzuri. Alitaka kusomea uuguzi. Baba yake ni mvuvi, hakupata kusoma zaidi ya darasa la saba, na binti mwenyewe wakati huo alikuwa kambini JKT, hana simu. Basi mzee akatujia baada ya swala ya alasiri, akatuuliza, "Ustadh, huyu mtoto kafaulu. Sasa naanzia wapi?"

Tulimjibu bila kusita. Tulimwambia, "Subiri mzee wetu, TCU watafungua maombi. Ataandika vyuo anavyovitaka kwa mpangilio, na wao ndio watakaompangia." Mwenzetu mmoja alijiunga na chuo kikuu mwaka 2012 kwa utaratibu huo, naye akathibitisha maneno yetu. Mzee akashukuru, akaondoka moyo wake umetulia.

Utaratibu tuliomweleza ulikuwepo kweli. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, ilianzisha mfumo wa pamoja wa udahili, ambapo mwombaji aliandika vyuo na kozi mahali pamoja. Lakini mfumo huo ulikoma mwaka 2017, na tangu hapo mwombaji huomba moja kwa moja katika chuo anachokitaka. Sisi hatukuwa na habari hiyo. Tulimwonyesha mzee mlango alioupitia mwenzetu, na mlango huo ulikuwa umefungwa miaka mitano iliyopita.

Binti aliporudi kutoka kambini ndipo alipoambiwa na wenzake. Awamu ya kwanza ya maombi ilikuwa imekwisha. Katika awamu iliyofuata, nafasi za uuguzi katika vyuo alivyovitaka zilikuwa zimejaa, akapata nafasi ya masomo mengine, mbali na nyumbani. Kwa upande wa mkopo, cheti chake cha kuzaliwa hakikuwa kimehakikiwa, na muda wa kuomba ulikuwa umepita. Mzee hakuwa na uwezo wa kulipa ada. Binti akakaa nyumbani mwaka mzima, akimsaidia mama yake kukaanga samaki wa kuuza.

Tulipokwenda kwao kuomba radhi, mzee hakutulaumu. Alisema tu, "Mimi niliona nimemuuliza anayejua, nikatulia." Maneno hayo yalituuma kuliko lawama. Alhamdulillah, mwaka uliofuata binti aliomba kwa njia iliyo sahihi, akapata nafasi ya uuguzi na mkopo, akaenda chuoni. Hata hivyo mwaka wake mmoja ulikwisha potea, na sisi ndio tuliokuwa sababu.

SWALI LA KWANZA

Wengi wetu tunapopatwa na jambo la ofisini, swali letu la kwanza huwa, "Namjua nani pale?" Tunamtafuta shemeji anayefanya kazi mjini, au kijana wa jirani aliyewahi kusoma chuo fulani, au rafiki wa rafiki. Mtu huyo akituambia neno tunalichukua kama lilivyo, kwa kuwa tunamwamini. Rai yetu ni kwamba swali la kwanza liwe, "Jambo hili ni la ofisi gani?" Ukishalijua hilo, ndugu na rafiki watakusaidia kufika. Usipolijua, wema wao wote unaweza kukuzungusha tu.

Katika Suratul Baqara tumefunzwa kuziendea nyumba kwa milango yake, nasi tunaona mafunzo hayo yanatufaa hata katika mambo haya ya kila siku. Waswahili nao husema kupotea njia ndiko kujua njia. Ni kweli, ila mwenye wiki mbili kabla dirisha la maombi halijafungwa hana nafasi ya kupotea. Hivyo basi, hebu tuitaje milango hiyo mmoja mmoja.

MILANGO YENYEWE

Mlango wa kwanza ni chuo chenyewe, na ndani ya chuo ni ofisi ya udahili. Hapo ndipo panapopokelewa maombi, hapo ndipo anapochaguliwa mwanafunzi, na hapo ndipo panapotolewa barua ya kujiunga. Ukitaka kujua kama kozi fulani ipo, ada yake ni kiasi gani, maombi yako yamefika au hayakufika, uliza chuo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ofisi yake ya udahili, Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro kina yake, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kina yake. Ofisi ya chuo kimoja haina habari za maombi yako katika chuo kingine, na wala haitakiwi kuwa nazo.

Mlango wa pili ni TCU. Tume hii iko kwa mujibu wa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Kazi yake ni kusimamia vyuo, kuidhinisha kozi, kutoa ratiba ya udahili ya kila mwaka, na kuchapisha kitabu cha mwongozo kinachoonyesha kila kozi na sifa zinazotakiwa. Kitabu hicho kipo cha wahitimu wa kidato cha sita na kipo cha wenye stashahada. Tunawaomba wazazi mhakikishe kijana anakisoma kabla ya kulipa ada ya maombi hata chuo kimoja, kwa sababu kuna vijana wanaoomba kozi ambazo masomo waliyosoma hayaziruhusu, fedha zikaenda bure. Mkikisikia chuo msichokijua kinatangaza nafasi, swali la kwamba chuo hicho kinatambuliwa au hakitambuliwi ni la TCU. Lakini msimwendee TCU kwa kutaka ampangie mtoto chuo. Hilo ndilo kosa letu tulilolisimulia.

Mlango wa tatu ni Baraza la Mitihani la Tanzania, yaani NECTA. Matokeo na vyeti vya kidato cha nne na cha sita ni mambo yake. Aliyepoteza cheti aanze polisi kutoa taarifa, kisha awasiliane na Baraza. Aliyesoma sekondari nje ya nchi na ana cheti cha huko, kulinganishwa kwa cheti hicho ni kazi ya Baraza pia. Tunalitaja hili kwa kuwa tunazo familia zilizolea watoto Oman na kwingineko, kisha watoto wakarudi kusoma chuo nyumbani. Ama cheti chenu kama hamkukichukua, msikimbilie makao makuu ya Baraza. Vyeti hupelekwa shuleni, anzeni kwa mkuu wa shule.

Mlango wa nne ni wa wenye stashahada, nao ni Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani NACTVET, ambalo zamani tulilijua kwa jina la NACTE. Mwenye stashahada anayetaka kuingia shahada huhitaji namba ya uhakiki inayoitwa AVN, na namba hiyo hutolewa na Baraza hili. Wapo waliokwenda kuidai katika chuo kikuu wanachokiomba, wakaambiwa hapa sipo, wakadhani wamefukuzwa. Hawakufukuzwa. Walikuwa wamebisha kwa jirani.

Mlango wa tano ni wa cheti cha kuzaliwa. Kwa Tanzania Bara ni Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Kwa aliyezaliwa na kusajiliwa Zanzibar ni Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Uhakiki wa cheti unatakiwa na Bodi ya Mikopo, lakini Bodi haihakiki cheti, mhakiki ni aliyekitoa. Yatima naye anatakiwa kuhakikiwa cheti cha kifo cha mzazi wake. Wazazi wetu, kazi hii haingoji matokeo. Mtoto akiwa kidato cha sita, hata kabla hajakaa mtihani, uhakiki unaweza kufanyika. Tungemwambia hivyo yule mzee mapema, walau sehemu ya balaa ile ingeepukika.

Mlango wa sita ni Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Bodi haitoi nafasi ya chuo, na chuo hakigawi mkopo. Haya ni maombi mawili, yana tarehe mbili, na anayepata moja hapati la pili kwa hilo. Zanzibar nayo ina Bodi yake ya Mikopo ya Elimu ya Juu tangu mwaka 2011, na ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaifahamu. Jambo moja hapa linawaangusha wengi. Aliyefanya mtihani wa kidato cha nne zaidi ya mara moja ana namba zaidi ya moja, na akitumia namba hii chuoni na ile kwenye mkopo, maombi yake hayatakutana. Tumia namba moja pande zote mbili.

NDANI YA CHUO

Mwanafunzi akishafika chuoni, milango inakuwa mingine. Shida ya malazi, maradhi, msiba wa nyumbani, au kutoelewana na mwenzako wa chumbani, hiyo ni ya mshauri wa wanafunzi. Shida ya somo ni ya mhadhiri, kisha mkuu wa idara. Ada na risiti ni kwa mhasibu. Fedha za kujikimu zikichelewa, anza na afisa wa mikopo aliyeko pale pale chuoni kabla hujasafiri kwenda Bodi.

Katika vyuo vingi zipo pia jumuiya za wanafunzi Waislamu. Ndugu hawa wana kheri nyingi. Watakupokea stendi, watakuonyesha msikiti na chakula cha halali, na mwanafunzi wa kike watamkutanisha na dada zake. Ila jumuiya haina uwezo wa kukubadilishia kozi wala kukuongezea mkopo, na ndugu anayekuahidi hivyo amekuahidi kisicho chake.

KUHUSU MAJINA

Kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa madrasa kuliko wengine. Mtoto wetu ana jina kwenye cheti cha kuzaliwa, ana jina aliloandikishwa shuleni, na ana namna anavyoliandika hapa madrasa. Muhammad, Mohamed na Mohammed kwetu ni jina moja tukufu, lakini kwa mashine ni watu watatu. Mwanaidi wa kwenye cheti cha kuzaliwa akiwa Mwanaid kwenye cheti cha kidato cha nne, ataulizwa yeye ni nani hasa. Tumeona pia mtoto aliyeandikwa jina la babu shuleni na jina la ukoo nyumbani.

Nasaha yetu ni kwamba jina lilinganishwe mapema, wakati wa usajili wa mtihani, kupitia kwa mkuu wa shule, kabla cheti hakijachapishwa. Likishachapishwa, inabidi kumwona wakili kwa ajili ya hati ya kiapo, kisha kuiuliza ofisi inayohusika kama inaipokea. Hayo yanawezekana, lakini yanakula siku na fedha. Nasi walimu wa madrasa tumekubaliana kwamba kila anayeandikishwa kwetu jina lake tutaliandika kama lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Utamu wa kuliandika kwa Kiarabu tutaubakiza kwenye daftari la khati.

SIMU NI YA NANI?

Kwa kuwa vijana wengi huwa kambini wakati maombi yako wazi, mzazi huenda steshenari, akampa kijana wa pale vyeti vyote na kumwambia, "Nijazie baba." Kijana anajaza. Kwenye sehemu ya simu anaweka namba yake, na barua pepe anaweka yake, maana mzee hana. Kwa siku ile anaweza kuwajazia watu ishirini kwa namba hiyo hiyo.

Sasa mwanafunzi akichaguliwa na zaidi ya chuo kimoja, hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja anachokwenda, na namba ya siri ya kuthibitishia hutumwa kwenye simu iliyoandikwa katika maombi. Namba inafika kwa kijana wa steshenari, naye pengine amehama, au amebadilisha laini, au hakumbuki ni ya nani. Hatusemi vijana hawa ni wabaya, wengi wao wanatafuta riziki ya halali. Tunachosema ni kwamba simu iwe ya mwombaji au ya mzazi, barua pepe iwe ya mwombaji mwenyewe, na neno la siri liandikwe kwenye daftari linalokaa nyumbani.

Ama wale wanaosema, "Nipe laki moja nikuingizie jina," hao ni vishoka. Hakuna mlango unaofunguliwa kwa njia hiyo, na ukifunguliwa basi ni kwa rushwa, na mtoa rushwa na mpokeaji wote wamelaaniwa. Hata kwa masomo ya nje hali ni hiyo hiyo. Vijana wetu wengi wana hamu ya kwenda Madina, Cairo na kwingineko, na wapo mawakala wanaowachangisha fedha. Kabla hujatoa hata shilingi, iulize TCU kama wakala huyo anatambulika, na uulize pia kama shahada utakayorudi nayo itatambuliwa. Swali la pili ni zito, kwa sababu linaulizwa miaka minne kabla ya jibu lake kuhitajika.

SWALI LA RIBA

Kila mwaka wazazi hutuuliza kama mkopo wa Bodi unafaa kwa Mwislamu. Hili nalo lina milango miwili, na watu wanaichanganya. Masharti ya mkataba yako kwa Bodi, na hukumu ya sharia iko kwa masheikh wenye elimu ya fiqhi. Ukimuuliza sheikh bila kumpa mkataba, atakujibu kwa alichosikia. Ukimuuliza afisa wa Bodi hukumu ya riba, umemtwisha kisicho chake.

Tutatoa mfano. Kwa miaka kadhaa mkopo ulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya fedha, na wengi walijizuia kwa ajili ya hiyo. Tozo hiyo iliondolewa mwaka 2021. Hata hivyo bado tunasikia watu wakiwakataza vijana kwa kutaja asilimia hiyo, kana kwamba bado ipo. Hatutoi fatwa hapa, kwani sisi si watu wake. Tunachowaomba ni kwamba mchukue mkataba wa mwaka huu, muusome wote pamoja na utaratibu wa marejesho, ambapo aliyeajiriwa rasmi hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kisha mumpelekee sheikh mnayemwamini ausome kabla ya kujibu. Jibu lolote atakalotoa, litakuwa limesimama juu ya jambo lililopo.

ADABU YA KUULIZA

Kuuliza nako kuna adabu yake. Ofisi zinapokea maswali mengi kwa siku, na swali lisilokamilika hurudishwa au husahauliwa. Ukiandika barua au barua pepe, jitambulishe kwa jina kamili kama lilivyo kwenye cheti, taja namba yako ya mtihani na mwaka, taja chuo na kozi, eleza shida kwa mistari michache, eleza ulichokwisha fanya, kisha omba jambo moja lililo wazi. Mwishoni andika hivi, "Kama jambo hili si la ofisi yenu, naomba mnielekeze ofisi inayohusika." Sentensi hiyo moja inaokoa safari nyingi.

Ukienda mwenyewe, nenda na vyeti halisi pamoja na nakala. Andika tarehe, jina la aliyekuhudumia na alichokuambia. Risiti usiitupe. Na ukielekezwa kwingine usikasirike, maana aliyekuelekeza vizuri amekusaidia kuliko aliyekupokea kwa tabasamu akakuweka siku tano.

WANAOPINGA

Wapo wenzetu waliotuambia kwamba kazi ya madrasa ni Qur'ani, fiqhi na akhlaqi, na mambo ya vyuo tuyaachie shule. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Mzazi asiyejua kusoma vizuri hamwendei mwalimu mkuu wa sekondari iliyo mkoa mwingine. Anatujia sisi, kwa kuwa tunamwona msikitini mara tano kwa siku. Ataendelea kutujia tupende tusipende. Basi kilichobaki ni tumjibu kwa elimu au tumjibu kwa kubahatisha, na kubahatisha tulikwisha kujaribu, matokeo yake mmeyasoma hapo juu.

Wengine wakasema, "Nchi hii bila kumjua mtu hupati kitu." Hatukatai kwamba upendeleo upo duniani. Lakini tukiyahesabu majina ya vijana wetu waliokwama katika miaka hii, hatumkumbuki hata mmoja aliyekwama kwa kukosa mtu. Tunawakumbuka waliokwama kwa cheti kisichohakikiwa, kwa jina lisilolingana, kwa namba ya simu isiyo yao, na kwa tarehe iliyopita. Hayo yote yana dawa, na dawa yake haiuzwi.

TULICHOKUBALIANA

Tangu kisa cha binti yule, tumeweka meza moja barazani mwa madrasa, kila Jumamosi baada ya alasiri, kuanzia mwezi wa Juni mpaka vyuo vinapofunguliwa. Vijana wetu walioko vyuoni hukaa pale kwa zamu wakiwa likizo. Mezani kuna daftari lenye safu tatu, jambo, ofisi yake, na tarehe tuliyohakikisha habari hiyo. Safu ya tatu ndiyo tuliyoikosa mwaka ule. Kila mwaka mwezi wa Juni tunafuta tarehe zote, tunaanza kuuliza upya.

Tumejiwekea masharti matatu. La kwanza, hatupokei fedha. La pili, hatumjazii mtu fomu, tunakaa naye ajaze mwenyewe. La tatu, na ndilo gumu kwa walimu, tusichokijua tunasema hatukijui. Imepokewa kwamba Imam Malik, Allah amrehemu, aliulizwa maswali mengi na mengi kati ya hayo akajibu kuwa hajui, naye ni imamu wa Madina. Sisi ni nani hata tuone haya? Siku ile tungemwambia yule mzee, "Hatujui, ngoja tuulize," tungepungukiwa na nini? Pengine heshima kidogo kwa nusu saa.

Wanafunzi wetu wapenzi, nanyi mtaulizwa. Mkifika chuoni, wadogo zenu watawapigia simu kuuliza wanaanzia wapi. Msiwaambie tu mlivyofanya ninyi, angalieni kwanza mwaka huu inafanywaje. Na ninyi wazazi, msione haya kumuuliza mwalimu, "Ustadh, habari hii ni ya lini?" Hatutaudhika. Elekezo ni amana, na mwenye amana huulizwa.

Tunamuomba Allah (s.w.) awafungulie vijana wetu milango ya kheri, awape elimu yenye manufaa, na atusamehe sisi walimu wao pale tulipokosea.